Tafuta mwenza kabla ya mzigo: kufanya biashara na jirani kupitia Holili na Taveta

Nauza vitunguu na mahindi Himo, mkoani Kilimanjaro. Kutoka kibandani kwangu hadi mpaka wa Holili ni mwendo mfupi wa kirikuu, na ukivuka tu uko Taveta, Kenya. Kila wiki ananijia mtu, mara nyingi binti aliyekopa kwenye kikoba, ananiuliza, "Mama, nikitaka kuuza Kenya naanzia wapi?" Nikimwuliza amefikia wapi, wengi hunijibu kwamba mzigo wameshanunua, uko nyumbani, na vitunguu vimeanza kuchipua. Hapo roho huniuma, kwa sababu hatua ya kwanza wameiruka.

Hatua ya kwanza ni mtu. Kabla hujanunua hata neti moja ya vitunguu, uwe na mwenzako upande wa pili: mwenye sehemu yake sokoni, anayejulikana na majirani zake, na anayepokea simu hata siku ambayo bei imeshuka.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka 2014 nilipeleka magunia ishirini ya mahindi kwa mnunuzi niliyekutana naye siku hiyo hiyo. Akachukua mali kauli, akaahidi kulipa gulio lijalo. Gulio likafika, yeye hakufika. Sikuwa na maandishi wala sikujua kwake, na mahindi yenyewe yalikuwa yamepita njia za panya kwa bodaboda, gunia mbili mbili. Ningekwenda kumshtaki kwa nani, nikiwa na mzigo ambao hakuna ofisi iliyouona ukivuka? Mkopo ule niliulipa kwa miezi kumi na minne.

Kwa hiyo nenda Taveta mikono mitupu kwanza. Siku zao za gulio ni Jumatano na Jumamosi. Kama huna pasipoti, Uhamiaji hutoa hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi, ingawa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana kwa vitambulisho vyao. Nenda magulio matatu mfululizo. Kaa, kunywa chai, tazama nani wateja wanamrudia, nani anagombana na kila mtu, nani anauza mzigo wa leo leo na nani anaulaza. Uliza wabebaji, kwa sababu wao ndio wanaojua nani hulipa.

Mwenzangu nilimpata hivyo. Alikuwa na meza pembeni ya soko, nikamwona akimrudishia mteja pesa kwa sababu kitunguu kimoja kilikuwa kimeoza ndani. Tulipozoeana akaniambia, "Dada, hivi vyako vikubwa ni vya hoteli. Wateja wangu wa Voi na Mombasa wanataka cha kati, shingo iwe imekauka kabisa." Neno hilo moja lilibadilisha namna ninavyonunua Mang'ola, kule Karatu kwenye mashamba ya vitunguu. Tangu barabara ya Taveta hadi Voi iwekwe lami, mzigo unaoshushwa Taveta asubuhi unaweza kulala Mombasa, na kitunguu chenye shingo mbichi hakivumilii joto la pwani. Yeye aliyajua ya wateja wake, mimi niliyajua ya mashamba. Kila mmoja alikuwa na nusu ya biashara.

Kubalianeni kwa kilo na kwa maandishi

Wao hupima kwa gorogoro, sisi kwa sado, makopo mawili yasiyolingana. Wao wakisema gunia wana maana yao, nasi tukisema gunia wengine wetu bado wanamaanisha lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ambayo Wakala wa Vipimo wanaikataza na wana haki ya kuikataza, kwa kuwa inamwibia mkulima. Ugomvi mwingi wa mpakani unaoitwa wa Mkenya na Mtanzania ni ugomvi wa vipimo tu. Kilo ndiyo kipimo pekee mnachokielewa wote wawili, kwa hiyo pimeni mara mbili: Himo wakati wa kupakia, Taveta wakati wa kushusha. Vitunguu hupungua uzito njiani. Andikeni mapema upungufu wa kilo ngapi ni wa kawaida na ukizidi hapo ni wa nani.

Mkataba wetu ni kurasa mbili za Kiswahili. Unasema mzigo gani, wa daraja gani, bei ya siku gani, kwa shilingi ya nchi gani, nani analipa usafiri, nani analipa vibali, mzigo ukizuiwa mpakani hasara tunagawanaje, na tukikosana tunapelekana kwa nani kabla ya kwenda mahakamani. Kwetu ni watu wanne, wawili wa kila upande, na wana siku saba. Tumewatumia mara mbili tu katika miaka yote hii. Mpeleke mkataba wako kwa mwanasheria ausome. Gharama yake ni ndogo kuliko ya gunia tano zilizopotea.

Malipo ni mepesi siku hizi. Tangu 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana, na kwa fedha nyingi zaidi kuna benki. Sisi hulipana nusu pale picha ya mzigo uliopakiwa inapofika, na nusu baada ya mizani ya Taveta. Jambo la kuandika ni bei ya kubadilisha fedha: ya siku ya kupakia au ya siku ya kulipa? Shilingi zetu hupanda na kushuka, na faida ya neti moja huweza kuishia hapo.

Karatasi za mpakani

Hapa soma polepole, maana ndipo wengi wanapoogopa na kurudi porini.

Mzigo wako ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, yaani kama milioni tano za Tanzania kutegemea dola ya siku hiyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki imetuwekea utaratibu rahisi sisi wafanyabiashara wadogo. Unaomba cheti rahisi cha uasili kwa maofisa wa forodha pale pale mpakani. Hujazwa papo hapo, hutumika kwa mzigo mmoja, na hakuna haja ya wakala wa forodha. Hakilipiwi. Akikufuata mtu nje ya geti akakwambia cheti kinauzwa, mwache alipo, ingia ofisini ukaulize mwenyewe.

Kazi ya cheti ni kuthibitisha kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya, kwa hiyo haitozwi ushuru wa forodha. Lazima iwe kwenye orodha ya bidhaa ambazo nchi zetu zimekubaliana, na orodha hiyo unaweza kuiomba mpakani. Kitunguu cha Mang'ola kinastahili. Kitunguu saumu cha China ulichonunua Kariakoo hakistahili, hata kama umekifungasha mwenyewe na una risiti ya Kariakoo, kwa sababu kinachoulizwa ni kilikolimwa. Mitumba nayo ni hivyo hivyo. Nimeona akina mama wakilia mbele ya dirisha kwa kutolijua hili.

Cheti hakifuti mambo mengine. Kodi nyingine za nchi unayoingia zinabaki kama zipo kwa bidhaa yako, na masuala ya afya ya mimea na ubora yanabaki yote. Na usigawe mzigo wako mmoja wa milioni kumi na mbili vipande vipande ili kila kipande kionekane kidogo. Huo ni udanganyifu, na ukikamatwa unaharibu jina la kikundi kizima. Halali ni hii tunayofanya sisi: akina mama sita wanakodi Canter moja, kila mmoja ana neti zake zilizoandikwa jina, risiti yake na cheti chake. Ukikua ukapita dola 2,000, tafuta cheti kamili cha uasili na wakala wa forodha mwenye leseni.

Afya ya mimea ndiyo inayochukua siku. Upande wetu, cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, baada ya kukagua mzigo. Upande wa Kenya, KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa mimea, hutaka kibali cha kuingiza mazao, na kibali hicho huombwa na mpokeaji kabla mzigo haujaondoka. Unaona sasa kwa nini nilikwambia mtu kwanza? Kibali hicho huwezi kukiomba wewe uliye Himo ukiwa peke yako na Canter yako. Ni mwenzako wa Taveta anayekiomba, akakutumia picha, nawe ukaenda nayo kuomba cha kwako. Nafaka kama mahindi zinahitaji pia kibali cha kusafirisha nje kutoka Wizara ya Kilimo.

Siku ya safari beba hati yako ya kusafiria, leseni ya biashara, risiti za manunuzi, risiti ya ushuru wa mazao wa halmashauri, cheti cha afya ya mimea, kibali cha KEPHIS, kile cha Wizara kama ni mahindi, na nakala zake. Funga mzigo kwenye neti au magunia, siyo mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na sisi tukafuata 2019. Holili na Taveta ni kituo cha pamoja cha mpaka tangu 2016: ukielekea Kenya unasimama mara moja tu, upande wa Taveta, ambako maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja. Fika asubuhi. Mzigo ukiwa na tatizo saa mbili asubuhi una siku nzima ya kulitatua, lakini ukifika saa kumi jioni vitunguu vinalala juani kesho yake.

Utaratibu huu ndio ule ule wa Namanga, Horohoro, Sirari, Mutukula, Rusumo na Kabanga, kwa hiyo anayesoma akiwa Kagera au Tanga autumie.

Mahindi yana sheria yake

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Malori yalisimama. Siku chache baadaye wakafungua, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti cha kipimo kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni. Hapa Himo watu walikasirika sana, wakasema Wakenya wanatuonea. Nami nilikasirika. Kisha mwenzangu akanieleza habari ya mwaka 2004, Makueni na Kitui, ambako watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Nikakumbuka kwamba 2016 kwetu Dodoma na Manyara watu walizikwa kwa sababu hiyo hiyo. Tangu hapo siwezi tena kumwita adui ofisa anayeuliza kipimo. Yule mtoto atakayekula ugali ule Mwatate ni mtoto.

Sumukuvu haionekani. Hutokana na ukungu unaoota mahindi yakivunwa mabichi, yakianikwa ardhini, yakifungwa kabla ya kukauka. Kwa hiyo kazi yako huanzia kwa mkulima. Mahindi mengi yanayopita Himo hutoka Kiteto na soko la Kibaigwa, na huko sisi hununua kwa wanaoanika juu ya turubai au vichanja tu, tunawalipa zaidi kidogo kwa kilo na tunawaambia wazi kwamba hiyo nyongeza ni ya turubai. Unyevu unaotakiwa kwa viwango vya Afrika Mashariki hauzidi asilimia 13.5. Kama huna mashine, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, uache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yako yamezidi asilimia 15, usinunue. Isipoganda bado hujui kama yamefika 13.5, kwa hiyo tafuta mashine kabla ya kufunga magunia.

Kisha chambua. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye rangi ya ukungu ndizo zinazobeba sumu nyingi. Wanawake wawili huchambua gunia chache kwa siku, na ni kazi ya kuumiza mgongo, lakini mzigo wetu uliochambuliwa haujakataliwa tangu tuanze kufanya hivyo.

Ukizuiwa bila haki

Itatokea. Safari moja ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitudai kipimo ambacho hakikuwa kwenye orodha yoyote. Canter ilisimama siku mbili na neti kumi na moja zikaoza. Tulichofanya ndicho ninachokushauri. Papo hapo andika tarehe, saa, dirisha, cheo cha aliyekuzuia, alichotaka na kiasi alichotaja. Omba sababu kwa maandishi. Nenda kwenye dawati la taarifa za biashara hapo mpakani, halafu kwa msimamizi wa kituo. Usipandishe sauti, hata kama una haki.

Halafu mwite mwenzako. Sisi tuliandika barua kwa upande wetu na kikundi cha Taveta kikaandika kwa upande wao, tukio lile lile, tarehe ile ile, hasara ile ile kwa kilo. Barua zikafika kwenye kamati ya pamoja ya mpaka siku moja, na sharti lile likaondolewa. Mfanyabiashara mmoja wa Tanzania akilalamika juu ya Kenya husikika kama mgeni anayenung'unika. Mkenya akisimama naye, ofisa wa Kenya anamsikiliza mwananchi wake. Kuna pia mfumo wa intaneti wa jumuiya tatu za kikanda, COMESA, EAC (hii yetu ya Afrika Mashariki) na SADC, wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani masharti na usumbufu ambao si ushuru; ripoti yako hupewa namba na hupelekwa kwa nchi husika. Jumuiya ilitunga sheria ya kuviondoa vikwazo hivyo mwaka 2017. Itumieni.

Nasisitiza hili kwa sababu mama yangu alinisimulia mpaka huu ukiwa umefungwa. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977 na njia haikufunguliwa hadi 1983. Shangazi yake alikuwa ameolewa Taveta. Alifiwa na mume katika miaka hiyo, na ndugu zake wa Rombo hawakwenda msibani. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilipofunga tena mpaka isipokuwa kwa mizigo, mama alinipigia simu kuniuliza kama mambo yamerudi kule.

Kuwekeza pamoja

Mkishauziana misimu miwili bila kudhulumiana, mtaanza kuona mnachopoteza wote wawili. Sisi tuliona ni ukaushaji na hifadhi. Vitunguu vilioza Himo kwa kukosa kivuli chenye hewa, na vikaoza Taveta kwa kulazwa sakafuni.

Wazo la kwanza lilikuwa kujenga ghala moja Himo, letu sote. Tahadhari hapa. Julai 2025 Tanzania ilitangaza amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo kununua mazao shambani, uwakala wa forodha, biashara nyingi za jumla na rejareja, na viwanda vidogo. Iliwaumiza jirani zetu, nami nilieleza kwenye mkutano wa wafanyabiashara kwamba ndani ya Afrika Mashariki jambo hili lizungumzwe upya, kwa maana sisi pia tunauza kwao. Lakini ndiyo amri, na mwongozo unaokufundisha kuizunguka utakuingiza wewe na rafiki yako kwenye faini. Kabla ya kupanga lolote, kaulize afisa biashara wa halmashauri yako jinsi sheria ilivyo siku hiyo, na mwenzako aulize kaunti yake.

Njia tuliyoichagua ni hii: kila kikundi kinamiliki cha kwake katika nchi yake, na mkataba ndio unaounganisha. Sisi tuna banda la vichanja, mizani na mashine ya kupima unyevu. Wao wamekodi stoo Taveta na kuijaza chaga za mbao na kreti. Kununua shambani ni kazi yetu, kuuza Voi na Mombasa ni yao. Mwisho wa msimu tunafungua daftari mbili mezani, tunalinganisha, na asilimia fulani ya faida ya kila upande inabaki kwa matengenezo. Mwaka wa kwanza daftari hazikulingana, tukakaa siku nzima mpaka tukaona ni kreti zilizohesabiwa mara mbili. Siku ile ndipo nilipoamini kwamba tutadumu.

Gari lisirudi tupu. Sisi hurudi na neti na kreti zinazotengenezwa Kenya, kwa cheti kingine cha uasili cha aina ile ile, safari hii kikiombwa na wao. Na yakifika Maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi, ambayo huzunguka miji ya nchi za Jumuiya kila mwaka, nendeni pamoja, mkishirikiana banda moja kama mnaweza. Huko ndiko tulikoona kwanza mashine ya kupima unyevu.

Mashine hiyo iko kibandani kwangu hapa Himo. Mwenye mahindi aje na kilo moja kwenye mfuko wa karatasi, iliyochotwa kidogo kidogo kutoka magunia matano tofauti, juu, katikati na chini. Usichote gunia moja la juu tu, kwa sababu ukungu haukai sawasawa, na kipimo cha gunia zuri hakitakusaidia chochote ukifika Taveta.